Uzi wa Kiuno cha Bonge

Wodi ya moyo, hospitali kubwa
Tarehe 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie kabla Baba Bonge hajaikalia kwenye kiti cha lori kama alivyoikalia ile bahasha ya vitambaa. Simu tumeijaribu na umeona mwenyewe: mimi napayuka huku wodi nzima inanitazama, na wewe kule unaniambia niongeze sauti. Cherehani za kiwandani zilimaliza masikio yako, Mama. Basi tuyape macho kazi.

Ile homa na kikohozi, ambavyo tulivitibu mara mbili tukidhani ni kifua, si kifua. Ni moyo. Usiketi chini kwa kishindo, soma mpaka mwisho. Daktari alinichorea nyuma ya boksi la glovu. Moyo una milango minne. Mmoja ndio unaopitisha damu kwenda kwenye mapafu ikachukue hewa. Mimi nilizaliwa mlango huo umebana, na hakuna aliyejua. Sasa wadudu wameingia kwenye damu, wakafika hapo, wakang'ang'ania, na wamejenga kijiuvimbe, kama uchafu unaoganda kwenye koo la sinki. Vipande vyake vidogo vinakatika na kwenda mapafuni. Ndiyo maana nilikuwa nakohoa.

Anasema ni ugonjwa wa nadra. Wadudu wa moyo wenyewe si kitu cha kila siku, na wakija hupenda milango mingine, si huu. Kwa hiyo nimekuwa kama maonyesho. Leo wamekuja wanafunzi wa udaktari kundi zima kunisikiliza kifua, mmoja ana mikono baridi kama chupa ya soda. Nikamwambia, "Kaka, ipashe moto kwanza." Daktari mkubwa alicheka mpaka miwani ikateleza.

Dawa ni ya mshipa, wiki sita, hapahapa kitandani. Wiki sita, Mama! Bonge ana miezi minane tu. Maziwa yananijaa, nayakamua na kuyamwaga kwenye sinki, na Sista wa zamu hujifanya anatafuta kitu dirishani ili nisione aibu.

Nitumie kipimo cha Bonge kwa uzi, kama tunavyofanya kwa wateja wa mbali: uzi mwekundu urefu, mweupe kiuno. Nimekuja na sindano na kile kitambaa cha njano. Nitamshonea shati kwa mkono, nione siku zinakwenda.

Kitanda cha jirani yupo mama muuza ndoo. Aliwekewa betri kifuani ya kuuongoza moyo, na waya wa hiyo betri ndio ulioingia wadudu. Anaongea kuanzia chai mpaka taa zizimwe. Wodi nzima tunamwita Redio, na mwenyewe anaitika.

Mbusu Bonge shingoni, pale penye mikunjo.

Mkweo,
Mama Bonge

*

Kwenye meza ya kukatia
Tarehe 6 Machi

Mwanangu Mama Bonge,

Marahaba. Barua imefika, imekaliwa kidogo tu.

Bonge siku ya kwanza alikataa uji, akautema kwenye gauni la bi harusi wa watu. Nimelifua, bi harusi hajui, na wewe usimwambie mtu. Sasa anakunywa kwa kikombe, anainua kichwa nyuma kama mlevi. Mchana anakaa chini ya meza na vipande vya vitambaa. Nimeondoa mikasi yote chini, usiniandikie habari ya mikasi.

Nyuzi hizo hapo. Nimempima asubuhi kabla hajala, maana akishakula kiuno hakina ukweli.

Sasa niambie jambo moja bila kuzunguka. Mwanangu alikuja hapa uso umemshuka. Nikambana, akasema alikuwepo daktari alipokuuliza kama unajidunga madawa ya kulevya. Nilimfukuza na rula ya kupimia. Mkwe wangu? Huyu anayefumba macho akitunga uzi kwenye sindano kubwa? Nataka kujua huyo daktari alilelewa na nani.

Lakini kama lipo jambo, mwanangu, niambie mimi kwanza. Sitapiga kelele. Nitakaa kimya, na unajua jinsi jambo hilo linavyonigharimu.

Mimi,
Mama yako

*

Wodi ya moyo
Tarehe 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka plasta ya dripu ikanivuta ngozi. Mwambie mwanao akisikiliza jambo alisikilize lote, asiwe anaondoka na kichwa akaacha mkia.

Hapana, sijidungi. Wala daktari hakunitukana. Anasema damu yote ya mishipani hufika kwanza upande ule wa moyo wenye huo mlango wangu, kwa hiyo wanaojidunga kwa sindano chafu huumwa sana upande huo. Lazima amuulize kila mtu, hata angelazwa mama yake mzazi. Akaniuliza pia kama niliwahi kukaa muda mrefu na mpira wa dripu kwenye mshipa mkubwa, kama nina betri kama Redio, kama nilipojifungua nilipata homa, kama kwetu kuna aliyezaliwa na moyo wenye kasoro. Nikamwambia sijui ya kwetu, ila nilipokuwa mdogo wenzangu waliniita Gari Bovu, maana tukikimbia mimi nilisimama katikati ya njia, midomo imebadilika rangi. Akatikisa kichwa. Akasema, "Hukuwa bovu, dada. Ulikuwa umefungiwa mlango nusu."

Kisha akanifunua mdomo. Mama, hili naliandika mwenyewe kwa sababu Baba Bonge angekuletea nusu. Kuna jino la nyuma limeoza, lina usaha chini yake, na ufizi una vidonda vidogo vidogo. Akauliza, "Hivi ni nini? Umekula miba?" Nikamwambia ni pini. Nikamweleza tunavyozishika kwa midomo tukimvalisha mteja, na kwamba nilipokuwa na mimba ulinitoa kwenye pedali ili miguu ipumzike, ukanipa kazi ya pini mchana kutwa.

Daktari hakusema ni pini. Sikiliza vizuri. Alisema jino lile peke yake linatosha kumwaga wadudu kwenye damu, na mlango uliobana unatosha kuwapa pa kukaa. Alisema mtu anaweza kushika pini kwa meno mpaka uzee asipatwe na lolote. Wewe ulinitoa kwenye pedali kwa huruma. Hilo ndilo ninalolikumbuka.

Homa imeshuka. Nyuzi zimefika. Nimekata mgongo wa shati, na Redio anasema kola imepinda. Yeye anauza ndoo.

Mkweo,
Mama Bonge

*

Kwenye meza ya kukatia
Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Nilipofika kwenye habari ya pini, nilikuwa nazo tano mdomoni.

Nikazitema kiganjani moja moja. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na upindo nusu, akauliza kuna nini. Nikamwambia avae tu, arudi kesho.

Nimeshona vijimto vidogo vya kuchomekea pini, vya kufunga kwenye kifundo cha mkono, kila msichana wa hapa anacho chake. Anayeweka pini mdomoni anafagia nje. Tabu ni mimi. Miaka yote hii nimeongea na wateja kwa pembe ya mdomo. Sasa mdomo uko wazi, mambo yanatoka tu. Jana nimemwambia mke wa mwalimu ukweli kuhusu umbo lake. Amenuna, kapeleka kitambaa chake ng'ambo ya barabara.

Najua unataka nisijilaumu. Najaribu.

Bonge mzima. Nimempima tena, maana mtoto hubadilika. Nyuzi hizo hapo.

Mama yako

*

Wodi ya moyo
Tarehe 22 Machi

Mama,

Shikamoo.

Nimepima, nikarudia, nikamwomba na Redio anishikie ncha. Uzi mweupe ni mfupi kuliko ule wa kwanza kwa upana wa kidole. Nimeulaza juu ya shati nililokata, na shati linabaki.

Mteja mtu mzima akipungua kidole, shauri lake. Mtoto wa miezi minane hapungui kiuno hivihivi. Tena umeandika "Bonge mzima", maneno mawili, wewe ambaye kuku akikohoa unampa nusu ukurasa. Nimemuuliza Baba Bonge leo pale getini. Ameangalia tairi. Nimemuuliza tena, akasema tairi hili linahitaji upepo.

Mwanangu ana nini?

Mimi sasa sina homa. Nakula, natembea mpaka mwisho wa korido na kurudi. Nimemwambia Sista nipewe vidonge nikamalizie nyumbani. Amesema vidonge haviwezi kazi hii, wadudu wamejificha ndani ya uvimbe na dawa lazima ipite kwenye damu saa zote. Nimemsikia. Lakini mimi si mlango wa moyo tu, mimi ni mama wa mtu. Redio ananiita mjinga tangu asubuhi, kila baada ya habari zake nyingine.

Lori likirudi Jumamosi, nitasaini niondoke. Niandalie tu maji ya kuoga.

Mama Bonge

*

Nyumbani
Tarehe 24 Machi

Mama Bonge,

Salamu baadaye.

Alianza kuharisha, akatapika, kufika jioni macho yameingia ndani na akilia hakuna machozi. Nilimbeba mgongoni nikafunga duka na mteja akiwa ndani, wasichana wakamtoa kwa dirishani. Zahanati walimlaza, wakamwekea maji ya mshipa mpaka akakojoa tena. Sijawahi kufurahia mkojo kiasi kile. Ulinilowesha nikawashukuru wauguzi. Sasa anakula. Jana kamng'ata paka mkia. Kiuno kitarudi.

Ningeweza kukutumia uzi wa zamani. Niliushika mkononi. Kwenye barua niliweza kudanganya, lakini kukata kipimo cha uongo mkono ulikataa.

Na wewe je? Nimembana tena mwanangu. Kumbe ulikohoa damu. Kumbe madaktari wanazungumza kukupasua kifua wakuwekee mlango mwingine. Kwangu ukaandika kola imepinda! Umenificha damu, nimekuficha kuhara. Tumetoka sare.

Sasa nisikilize, maana siandiki hili mara mbili. Bonge alikuhitaji siku ile, hukuwepo, na mimi nilikuwepo. Siku atakayokuhitaji akiwa na miaka kumi na tano, amerudi na hasira zake, ameharibu jambo, mimi sitakuwepo. Nitakuwa nimeshalala. Ndiyo hesabu yenyewe. Hizi wiki zilizobaki nidai mimi. Ile miaka mingine usinitupie, siiwezi.

Nimemwambia mwanangu akikupandisha kwenye lori kabla daktari hajaruhusu, naye asishuke hapa. Komeo nimelitia mafuta.

Tangu leo nitakuandikia kila kitu, hata rangi ya choo chake. Nawe niandikie kila kitu.

Mama yako

*

Wodi ya moyo
Tarehe 27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nipo wodini.

Jumamosi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la getini na mfuko wangu, nimevaa sweta la mikono mirefu kufunika mpira wa dawa, jua lile. Baba Bonge akashuka na barua yako mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Soma kwanza."

"Nitasoma njiani."

"Njiani hupo. Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye miaka kumi na tano nikashindwa kuona herufi. Yeye akazunguka lori zima akipiga matairi teke, yote sita, halafu akaanza upya. Sista akatokea mlangoni, mikono kiunoni: "Mama Bonge! Dozi yako inakungoja au nimpe Redio?" Nikasimama. Baba Bonge akanibebea mfuko mpaka kitandani, na Redio akampigia makofi kama ameleta kombe.

Haya, kila kitu. Ndiyo, nilikohoa damu, kama kijiko cha chai. Ni vile vipande vilivyokatika vikaziba vijishipa vya mapafu. Haijarudi tena. Mlango umelika pembeni na unavuja. Wiki ijayo watanipiga tena picha ya moyo, ile ya kupakwa mafuta baridi kifuani. Uvimbe ukiwa umepungua, dawa itamaliza kazi. Usipopungua watanipasua. Daktari anasema wapo waliopasuliwa na wanatembea mjini huko wakigombana na watu kama kawaida.

Naogopa. Hiyo nayo nimeandika.

Asante kwa kumbeba mgongoni.

Mkweo,
Mama Bonge

*

Kwenye meza ya kukatia
Tarehe 3 Aprili

Mwanangu,

Choo cha njano, kigumu cha kutosha, mara mbili kwa siku. Umetaka mwenyewe.

Jino la tatu limetoka. Anasimama akishika mguu wa cherehani, anatetemeka, anaangalia watu wote kama anasubiri hotuba ianze. Mke wa mwalimu amerudi na kitambaa chake. Kumbe ng'ambo ya barabara walimwambia uongo na gauni likambana.

Umeogopa, nami nimeogopa. Jana nimeshona mkono wa kulia kwenye tundu la kushoto, kosa ambalo sijalifanya tangu usichana. Nimelifumua nikaanza upya.

Lipo jambo moja nilitaka kulipita, lakini tumeahidiana. Bonge ameanza kusema "mama", na ananiambia mimi. Nilipolisikia niligeuka ukutani. Baadaye nikakaa nikamchunguza. Anaiambia cherehani "mama" pia. Paka naye ni mama. Na yule fundi wa umeme mwenye ndevu, alipoinama kuchomeka waya, aliitwa mama mara tatu, akaitika.

Kwa hiyo neno analo. Mwenyewe hajampata.

Mama yako

*

Wodi ya moyo
Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo! Shikamoo tena!

Umepungua. Daktari alinigeuzia kioo nione. Sikuona kitu zaidi ya mvua ya kijivu, lakini aliweka kidole akasema, "Kilikuwa hapa kama punje ya hindi. Sasa ni kama ya ulezi." Vipimo vya damu havioti mdudu yeyote. Habari ya kupasua wameiweka kando. Niliomba nipige kelele, akaniruhusu moja fupi.

Jino bovu wameling'oa wakiwa wameshanipa dawa ya kinga kwanza. Nimefundishwa, na Sista amenifanya nirudie kama mtoto wa chekechea: mlango utabaki umebana na kuvuja kidogo, kwa hiyo nitakuwa narudi kupimwa, mtu yeyote asiguse jino langu kabla sijamwambia habari ya moyo, mdomo niutunze, na homa ikinishika nisinywe dawa za kubahatisha kama tulivyofanya, nije nitolewe damu kwanza. Nisisitize hata wakinuna.

Fundi wa umeme mpe salamu, mwambie nafasi inarudishwa kwa mwenyewe.

Nakuja dozi zikiisha. Kwa ruhusa ya daktari, Mama. Fungua komeo.

Mkweo,
Mama Bonge

*

Nyumbani
Tarehe 19 Aprili

Dada Redio,

Hujambo na waya wako mpya? Sista amemwambia Baba Bonge kwamba umeamka kutoka chumba cha upasuaji ukiwa katikati ya sentensi. Nimefurahi sana. Nilijua hawatakupata kimya.

Uliniambia nikifika tu nikuandikie alivyonipokea. Vibaya! Lori liliposimama Mama Mkwe alikuwa mlangoni na Bonge kiunoni. Nikanyoosha mikono. Bonge akanitazama kama mtu aliyekuja kukata umeme. Halafu akapiga ukelele, wateja wawili wakatoka nje, akaficha uso kwenye kwapa la bibi yake. Nikajaribu tena, akanipiga kofi la pua.

Dada yangu, nilikuwa nimeliwaza hilo kitandani pale nikadhani nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa.

Mama Mkwe akaniambia, "Usimkimbilie. Kaa chini, fanya kazi." Nikakaa sakafuni karakanani nikaanza kuchambua vipande vya vitambaa, vya pamba huku, vya sufu kule. Cherehani zinakwenda. Baada ya muda kikaja kiganja, kikachukua kipande chekundu, kikaondoka. Kikarudi. Kikachukua cha bluu. Nikaendelea kuchambua, macho chini, jasho linanitoka kama mwizi. Mara nikasikia uzito kwenye goti. Alikuwa amekaa hapo kuchagua mwenyewe, maana kwa mbali alikuwa anapata vibovu.

Hakusema "mama". Nilisubiri, wapi. Alinishika pua ileile aliyoipiga, akaiangalia kwa makini, akapiga miayo, akajilaza.

Unakumbuka daktari alivyowaambia wale wanafunzi siku ya mwisho, kwamba mlango wangu ukiwekewa sikio una mvumo, kama upepo kwenye ufa, na nitabaki nao maisha yote? Bonge ameweka sikio lote hapohapo. Akatulia kidogo, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. Kisha akalala.

Mama Mkwe akatunyooshea kidole toka kwenye meza: "Usitikisike!"

Sijatikisika. Ameegemea mkono wa kulia na umekufa ganzi, nakuandikia kwa wa kushoto. Ndiyo maana herufi zinapepesuka.

Rafiki yako wa kitanda cha pili,
Mama Bonge